Dai Lisilotaja Mwezi

Hakuna hata mtambo mmoja wa upepo uliosimikwa katika bahari ya Tanzania. Umeme wa upepo tulionao unatoka nchi kavu, kule Mwenga wilayani Mufindi, na ni haba: megawati 2.4. Wakenya wamesimika mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, nayo imekaa juu ya mawe na vumbi. Hata hivyo, kila mgao wa umeme unapotukumba, na kila picha ya minara mieupe ya Bahari ya Kaskazini inapozunguka kwenye simu, swali hufufuka: mbona na sisi tusisimike yetu kati ya Mafia na bara, ambako kusi inavuma miezi na miezi?

Swali si baya. Ubaya umo katika majibu. Mjadala umetangulia mradi, na madai yamepata wasaa wa kuota mizizi kabla hayajaulizwa lolote. Wapo wanaoitaka mitambo kwa hali na mali, wapo wanaoiogopa kuliko baruti. Wote wana la kusema juu ya viumbe wa chini ya bahari, na karibu wote wanasema bila kutaja mwezi. Hapo ndipo ninapowashika. Sakafu ya bahari yetu mwezi wa Januari sivyo ilivyo mwezi wa Julai, na mtu akiniambia kule chini kuna hiki au hakuna kile, swali langu la kwanza ni: lini?

"Hayo ni ya watu wa pwani. Sisi wa Chole yanatuhusu nini?"

Nianze na hili kwa kuwa ni jepesi. Chole ninayoisema ni kata ya Kisarawe, si kile kisiwa cha Mafia chenye jina hilohilo, na ni kweli kwamba ukiwa Chole huioni bahari hata ukikwea mwembe. Lakini Kisarawe ilikuwa na pwani yake hadi 1995, Mkuranga ilipomegwa kuwa wilaya na kuondoka na Kisiju. Ramani ilibadilika, mito haikupewa taarifa. Msimbazi bado unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, unaikata Dar es Salaam na kuishia baharini. Ruvu unapita upande wa Kibaha na kumwaga karibu na Bagamoyo. Masika ikikolea, udongo wa mashamba ya miteremkoni na wa machimbo ya mchanga unashuka na maji hayo, halafu unatua juu ya nyasi bahari na matumbawe. Mtu wa bara, basi, ana mkono wake katika sakafu ya bahari kila Aprili, bila mtambo wowote. Siku mitambo itakapokuja na tope likaonekana, wa kwanza kuulizwa awe mvua.

"Chini kule ni mchanga mtupu."

Hili husemwa na mtu aliyechungulia pembeni mwa boti, akaona weupe, akahitimisha. Wanaochunguza sakafu ya bahari hawachungulii, wanachota. Hushusha kwa kamba koleo zito la chuma lenye mataya mawili. Likigusa chini mataya yanajifunga na kung'oa kipande cha sakafu, kwa kawaida sehemu ya kumi ya mita mraba. Likipandishwa, tope lake linamwagwa kwenye chekeche lenye matundu ya milimita moja na kuoshwa taratibu kwa maji ya bahari. Kinachosalia juu ya chekeche ndicho jibu: minyoo ya mchangani ya kila namna, kombe wadogo kuliko punje ya mchele, vikaa vya saizi ya ukucha, na jamaa wa kiti cha pweza ambao mikono yao hukatika ukiwagusa tu. Kila mmoja anahesabiwa. Hao ndio chakula cha kamba, cha changu, cha taa anayefukua mchanga kwa mdomo wake. Ukiwafuta, mvuvi hataona kitu siku hiyo wala kesho yake. Ataona mwakani, dema litakapopanda tupu.

Kina mama wa pwani hawajasubiri chekeche kuyajua hayo. Maji ya bamvua yakipwa, mama anashuka mwambani na mchokoo wake, na kwanza hamtafuti pweza, anatafuta taka za pweza: kirundo cha makombe na magamba ya kaa, yaliyonyonywa yakabaki meupe, mbele ya tundu. Penye jalala hilo mwenye nyumba yumo ndani. Asiyejua hupita juu yake na kurudi mjini kusema hakukuwa na kitu.

"Bahari ya joto haina misimu. Ukipima mara moja umemaliza."

Hili ndilo dai ninalolichukia kuliko yote, maana lina sura ya utaalamu. Msingi wake ni kwamba kule Ulaya joto la bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya nyuzi kumi kwa mwaka, kwa hiyo viumbe wa chini huzaana, hujaa na kupungua kwa mpangilio unaoonekana. Huku kwetu maji ya juu hufika nyuzi 29 au 30 mwezi Machi na kushuka hadi 25 hivi mwezi Agosti. Tofauti ndogo, wanasema, basi hakuna misimu.

Kwanza, nyuzi hizo si chache kwa anayeishi kwenye ukingo wa uwezo wake. Tumbawe likizidishiwa joto la nyuzi moja au mbili juu ya kilele lilichokizoea, kwa wiki kadhaa mfululizo, hutema vijimea vinavyolilisha na kugeuka jeupe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, mwaka wa El Niño, kaskazi ilipokuwa ikiishilia: matumbawe ya Mafia yaliungua vibaya, na miamba mingine ilipoteza sehemu kubwa ya uhai wake. Yaliyotokea Machi na Aprili yasingetokea Agosti.

Pili, joto ni sehemu tu ya msimu. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, lakini kaskazi huuzuia ukapunguza mwendo, na kusi huusukuma ukaongeza kasi. Wakati wa kusi mawimbi hufukua na kuhamisha mchanga wa upande ulio wazi, maji ya juu na ya chini yakachanganyika. Wakati wa masika maji ya mito huteremsha tope na kupunguza chumvi kwenye vinywa vya delta. Mkulima wa mwani wa Zanzibar anakuambia haya bila kupepesa macho: kaskazi kali humchoma mwani wake ukaoza kambani, hasa ule wa kottoni, na kusi inaweza kumkatia kamba zenyewe.

Tatu, wapo viumbe wa chini ambao maisha yao yote ni kalenda. Mchukue kamba wa Rufiji. Mama hutaga baharini. Vijana, wadogo wasioonekana, huchukuliwa na maji hadi kwenye vijito vya mikoko, hukua humo kwa miezi, halafu mvua za masika huwatoa kwenda baharini wakiwa wamepata mwili. Si bure kwamba kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilifungiwa Desemba hadi Februari. Aliyeweka sheria hiyo alijua kuna msimu. Mtu akishusha koleo au wavu mbele ya delta mwezi Januari peke yake, kisha akaandika kwamba eneo lina kamba wachache, hajasema uongo. Ameeleza Januari, akaiita mwaka.

Na pweza je? Jike hutaga mara moja katika maisha yake. Hukaa ndani ya tundu akilinda mayai kwa takriban mwezi, hali, akipuliza maji juu yake, na yanapoanguliwa anakufa. Watoto hukua haraka ajabu. Ndiyo maana vijiji vya Mafia na Songo Songo vinavyofunga mwamba kwa miezi mitatu hivi hupata pweza wazito siku ya kufungua. Miezi mitatu hiyo hiyo, ikiwa ya kelele za kugongelea nguzo, ingekuwa habari nyingine kabisa, na uzito wake ungetegemea imeangukia wapi katika mwaka.

"Utafiti wa awali utafanyika, msiwe na wasiwasi."

Sina wasiwasi na utafiti, nina wasiwasi na boti. Kusi ikishika kasi, Juni hadi Agosti, boti ndogo haziendi upande wa nje, mzamiaji haoni mkono wake, na koleo la kuchotea hupinduka kabla ya kugusa chini. Matokeo yake watafiti wa pwani hii, kama wavuvi, hutoka sana kaskazi na matlai, bahari inapotulia. Hilo ni la kibinadamu. Lakini maana yake ni kwamba picha ya kawaida ya sakafu ya bahari yetu imeegemea nusu moja ya mwaka, na mradi utakaoanza kwa picha hiyo utakuwa umerithi mapengo yake.

Na wajenzi wa mitambo nao watataka bahari tulivu. Watataka kugongelea nguzo zao kaskazi. Ni miezi hiyo hiyo ambapo matumbawe huelemewa na joto, na ni kati ya Januari na Aprili ambapo matumbawe mengi ya jamii ya akropora yaliyochunguzwa Kenya humwaga mayai na mbegu zake majini. Mahali pengine mambo haya yamekwishatungiwa masharti. Mashariki ya Marekani, vibali vya mitambo ya baharini vimekataza kugongelea nguzo kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili kwa ajili ya nyangumi walio hatarini kutoweka. Hakuna aliyesema Atlantiki nzima ifungwe, walitaja miezi.

"Nguzo zitakuwa miamba mipya, samaki wataongezeka."

Hapa pana ukweli, na niwape wenye dai haki yao. Chuma kikisimama majini hakikai uchi. Kule Horns Rev, Denmark, ambako mitambo 80 ilisimikwa mwaka 2002, na katika mitambo ya Ubelgiji, nguzo zilivamiwa na kome na viumbe wengine kwa muda mfupi. Kwenye mitambo mitano ya Block Island, Marekani, iliyoanza kufua umeme mwaka 2016, kome walidondoka kutoka nguzoni hadi wakaitandika sakafu iliyokuwa mchanga. Samaki walifuata.

Ila sikiliza kilichosemwa: sakafu iliyokuwa mchanga sasa si mchanga. Wenyeji wake walipisha. Kinyesi cha kome hushuka na kurutubisha tope la chini, minyoo wa aina moja wakazidi na wa aina nyingine wakapungua. Bahari ya Kaskazini ina mchanga mwingi na miamba michache, kwa hiyo mwamba mpya kule ni ugeni wenye faida kwa baadhi ya viumbe. Sisi miamba tunayo. Tunachohitaji kukiangalia ni tambarare za mchanga na tope na nyasi bahari, kwa sababu huko ndiko aliko kamba, ndiko aliko jongoo bahari, ndiko anakochimba kombe mama wa Kisiju.

Halafu kuna swali la samaki kuongezeka au kukusanyika. Wavuvi wenye kufunga makuti na magogo kuvutia samaki wanaijua tofauti hiyo vizuri: samaki waliojazana chini ya gogo walikuwa mahali pengine jana. Na kujazana kwao kuna majira. Mtu akipiga picha nguzo moja Desemba, maji yakiwa angavu na samaki wamefunika chuma, ana picha nzuri ya Desemba.

"Bahari itageuka kaburi."

Sasa upande wa pili, ambao nao hautaji mwezi. Tumekwisha kulaza vitu vikubwa juu ya sakafu ya bahari hii. Bomba la gesi linatoka Songo Songo hadi Somanga na limekuwa likipeleka gesi tangu 2004. Waya wa umeme unaolisha Unguja ulilazwa mara ya kwanza mwaka 1980, na mwingine wa megawati 100 ukaongezwa 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010. Waliokuwa Unguja mwaka 2008 wanakumbuka waya ulipoharibika: karibu mwezi mzima wa giza, na hakuna aliyelia kwamba samaki wamepata nafuu.

Bahari haikufa. Wala mimi sisemi kwamba hakuna kilichobadilika pale waya ulipopita, kwa sababu kuwepo kwa samaki leo hakuthibitishi hilo. Madhara ya kweli yana mahali na muda wake. Kugongelea nguzo hutoa mshindo unaoweza kuwadhuru samaki walio karibu na kuwafukuza walio mbali. Tope hufumuka. Vipindi hivyo vikiisha, mtambo hubaki na mngurumo mdogo na kivuli chake. Mnaotaka kufananisha na baruti, kumbukeni baruti ililipuliwa kwenye matumbawe yetu miaka na miaka, kusi na kaskazi, bila kibali wala msimu, na vifusi vyake havishiki tumbawe jipya kwa sababu vinabingirika na kila wimbi. Hilo ndilo kaburi tulilokwisha kuchimba wenyewe.

Woga mwingine ni wa msingi zaidi, na ajabu hausemwi. Kina kifupi cha bahari kinachoambaa na bara letu ni utepe mwembamba, kilomita sita kwa wastani, isipokuwa kwenye njia za Unguja na Mafia kinapotanuka. Nguzo za kuchimbiwa chini hutaka kina kifupi. Kwa hiyo mitambo ikija, itataka kukaa palepale zilipo ngalawa, kamba, mwani na hifadhi: Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa 1995, na eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoingia katika orodha ya Ramsar mwaka 2004. Nani atakaa wapi, na miezi gani? Ningependa kelele za barazani zielekee huko.

"Wavuvi wanajua kila kitu, waulizeni wao."

Waulizwe, naam, na wa kwanza. Lakini potwe ametufundisha adabu. Kilindoni kila mtu anajua potwe huja Oktoba na kuondoka Machi hivi. Watalii hupangiwa safari kwa kalenda hiyo. Watafiti walipowafunga vitambulishi vinavyotoa mlio unaonaswa na vipokezi vilivyozamishwa chini, matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha wengi wao hawakuwa wameondoka. Walisogea nje kidogo, wakaenda chini, wakaacha kuonekana. Wavuvi hawakudanganya, walieleza walichokiona kutoka juu ya maji. Kama samaki mkubwa kuliko wote duniani anaweza kujificha nusu mwaka mbele ya kijiji kizima, minyoo wa mchangani wanahitaji zaidi ya kumbukumbu za mtu.

"Tutapima tukianza kuona tatizo."

Twendeni tena Rufiji. Meli za kukokota kamba zilisimamishwa mwaka 2007 kwa kuwa kamba walikuwa wamepungua. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, na mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja imeupa mto mdundo mpya wa maji. Aprili 2024 mvua kubwa zikaja, Rufiji ikafurika, vijiji vikazama. Leo kamba wakipungua, au wakiongezeka, utamlaumu nani au kumsifu nani? Bwawa, mafuriko, nyavu, joto la bahari? Ni mfululizo wa vipimo vya mwezi kwa mwezi, vilivyoanza kabla, ndani ya delta na mahali pa kulinganishia palipo mbali nayo, ndio ungeweza kuwatenganisha. Ukiongeza mitambo ya upepo mbele ya delta hiyo bila mfululizo huo, kila upande utakuwa na mkosaji wake tayari.

Wabelgiji wamelirahisisha: huchota sampuli zao msimu mmoja uleule kila mwaka, ndani ya eneo la mitambo na nje yake. Ni afadhali. Unalinganisha Oktoba na Oktoba. Kwetu mimi ningedai misimu miwili kwa uchache, kilele cha kaskazi na mwisho wa kusi, na mmoja zaidi baada ya masika kama ni karibu na mto.

"Mkidai misimu yote mtauchelewesha mradi, na watu wanataka umeme."

Watu wanataka umeme, mimi mmoja wao, na kusi ina sifa nzuri ya kuvuma kwa nguvu kipindi cha kiangazi, mito inapoanza kulegea. Lakini mwulizeni mwekezaji yeyote wa upepo amepima upepo wenyewe kwa muda gani. Hakuna benki itakayompa mkopo kwa vipimo vya Januari. Atatakiwa alete mwaka mzima kwa uchache, kaskazi na kusi na matlai yake, kwa kifaa kilichosimama au kuelea palepale anapotaka kujenga. Miezi hiyo kumi na miwili ipo tayari kwenye ratiba yake na imelipiwa. Boti inayokwenda kukisafisha na kukikagua kifaa hicho ina nafasi ya koleo moja la chuma, chekeche, ndoo kadhaa za sampuli na kijana mmoja wa chuo anayejua kuhesabu minyoo.